Yangeyange wawili wa Usangu: namna ya kumjua wa ng'ombe na mdogo bila kubahatisha

Ukitoka Makambako kwenda Mbeya, ukishaipita Igawa barabara kuu inaambaa ukingo wa bonde la Usangu. Kuanzia Januari majaruba ya mpunga ya Chimala na Igurusi huwa yamejaa maji, na ndege weupe wamejaa kwenye majaruba. Muulize mkulima ni ndege gani, atakujibu yangeyange. Hajakosea. Ila jina hilo linabeba ndege wanne tofauti katika bonde hilohilo, na wawili kati yao huchanganywa hata na watu waliokua wakiwaona kila siku: anayeandamana na ng'ombe, na anayevua majini.

Mwongozo huu ni wa hao wawili. Wa kwanza ni yangeyange wa ng'ombe, ambaye vitabu vingi vya ndege vinamwandika Bubulcus ibis. Wa pili ni yangeyange mdogo, Egretta garzetta. Wote ni wa familia moja, Ardeidae, lakini undugu wao si wa karibu kama weupe wao unavyodanganya. Uchunguzi wa vinasaba unamweka wa ng'ombe karibu zaidi na yangeyange mkubwa kuliko na huyu mdogo anayefanana naye kwa mbali.

Niseme mapema msimamo wangu. Rangi nyeupe isahau, maana haikusaidii chochote. Ukubwa uuache mwisho. Na mahali aliposimama usipape uzito wa ushahidi, hata kama ana ng'ombe mbele na nyuma. Mdomo ndio unaoamua, miguu inathibitisha, mwendo unamaliza ubishi.

Kabla hujaingia shambani

Unahitaji darubini ya macho mawili, daftari na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huvuja ukilowa. Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa: 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usishawishike na ya 12 au 16. Kadiri inavyokuza ndivyo inavyokuza na mtetemo wa mikono yako, na hapa shida si umbali, shida ni kuona vidole vya ndege anayetembea kwenye tope. Kama huna darubini, simu yenye kamera nzuri inasaidia kwenye mdomo, mara chache kwenye miguu.

Vaa gamboti. Maji ya majaruba yaliyotulia ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na hakuna ndege anayestahili kukupeleka zahanati. Ukiwa na njia ya kubaki juu ya tuta, baki juu ya tuta.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba au kwa msimamizi wa skimu kabla ya kuvuka mfereji. Ni adabu, na pia ni usalama wako: mpunga ukishaanza kukomaa, vijana wanaoamia kwelea kwelea wanarusha mawe kwa kombeo bila kujua wewe umechutama upande wa pili wa mpunga. Jitambulishe kwao kwanza. Hao hao ndio watakaokwambia ndege wameshinda wapi tangu asubuhi.

Saa nzuri ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3, kisha tena kuanzia saa 10 jioni. Katikati ya mchana mvuke wa joto unacheza juu ya maji na kila mdomo unaonekana kutetemeka. Jiweke ili jua liwe mgongoni mwako. Ndege mweupe akiwa kati yako na jua hugeuka kivuli, na hapo mdomo wa njano na mweusi vinakuwa kitu kimoja.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yangeyange

Si kila cheupe kwenye jaruba ni yangeyange. Mwangalie akiruka. Jamii nzima ya yangeyange hukunja shingo wakiwa angani, kichwa kikirudi karibu na mabega. Korongo, kwarara na domomwiko hunyoosha shingo mbele. Kwarara mweupe ana kichwa cheusi kisicho na manyoya na mdomo uliopinda kwenda chini. Domomwiko jina lake limeshamaliza kazi.

Kuna mmoja anayestua watu. Ni ndege wa familia hiyohiyo, mdogo, rangi ya nyasi kavu, anayekaa kimya ukingoni mwa mfereji hadi umkaribie hatua chache. Akiruka, mabawa yote yanafunguka meupe na unaapa umeona yangeyange. Akitua anakuwa wa kahawia tena. Usimwandike hadi umemwona akiwa amesimama.

Hatua ya pili: mdomo

Hapa chukua muda. Yangeyange wa ng'ombe ana mdomo wa njano, mfupi na mnene. Chini yake manyoya ya kidevu yamesogea mbele, kiasi kwamba taya linaonekana limevimba. Ukishaliona hilo taya mara moja utalitambua hata akiwa mbali na rangi haionekani, kwa sababu linampa kichwa kizito, cha mviringo.

Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, mrefu, mwembamba na ulionyooka, mfano wa sindano ya kushonea magunia. Kidevu chake hakina uvimbe: manyoya yanaishia pale mdomo unapoanzia. Ngozi iliyo wazi kati ya jicho na mdomo ni ya kijivu cha kibuluu, wakati kwa wa ng'ombe ni ya njano kama mdomo wenyewe.

Kwa ndege wengi utakaowaona, kazi inaishia hapa. Kwa wachache, rangi itakulaghai, nao wanastahili kuelezwa. Kifaranga wa yangeyange wa ng'ombe aliyetoka tu kiotani ana mdomo mweusi, na miguu yake ni ya giza. Anabadilika kuwa wa njano baada ya muda, lakini katika kipindi hicho anaweza kusimama pembeni ya mama yake akionekana aina tofauti. Umbo ndilo linalomtoa: mdomo wake, hata ukiwa mweusi, ni mfupi na mnene, na taya lipo. Kwa upande wa pili, kinda wa yangeyange mdogo anaweza kuwa na mdomo uliopauka upande wa chini na miguu yenye ukijani badala ya weusi. Yeye naye umbo halimfichi: mdomo ni mrefu na mwembamba vilevile.

Kwa hiyo unaposoma mdomo, soma umbo kwanza halafu rangi. Watu wengi hufanya kinyume, kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana haraka.

Hatua ya tatu: miguu, kama tope litakuruhusu

Yangeyange mdogo mkubwa wa umri ana miguu myeusi na vidole vya njano iliyokoza. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ni wa ghafla, palepale mguu unapokutana na vidole. Hakuna mwingine kati ya yangeyange weupe wa nyanda za juu kusini mwenye mpangilio huo. Ukiuona vizuri, funga daftari.

Yangeyange wa ng'ombe ana miguu ya rangi moja kuanzia juu hadi vidoleni: kijani cha kijivu, au njano iliyochafuka. Wakati wa kuzaliana huwa myekundu au ya rangi ya machungwa, na mdomo nao hupata wekundu kwa muda mfupi.

Shida ni kwamba jaruba lina tope. Ndege aliyezama hadi goti hana vidole vya kukuonyesha, na akitoka, tope linakauka na kuwa vumbi la kijivu juu ya kila kitu. Vidole vya njano vilivyopakwa tope la Usangu vinaonekana vya kijivu. Kuna njia mbili za kulimaliza. Ya kwanza ni kusubiri avuke mfereji wenye maji yanayotembea: maji yatamwosha, na hatua mbili tatu baada ya kutoka ndizo zenye vidole safi. Ya pili ni kusubiri aruke. Angani miguu ya wote inanyooka nyuma, lakini ya mdogo inavuka mkia kwa kiasi kikubwa zaidi, na vidole vya njano vinaonekana vikining'inia nyuma ya miguu myeusi. Usimrushie jiwe ili aruke. Mbali na ukatili, kundi zima litaondoka naye na utabaki na tuta.

Hatua ya nne: umbo na mwendo

Sasa ukubwa. Yangeyange wa ng'ombe ana urefu wa sentimita 46 hadi 56 kuanzia ncha ya mdomo hadi mkia. Yangeyange mdogo ni sentimita 55 hadi 65. Yaani mkubwa wa kundi la kwanza na mfupi wa kundi la pili wanalingana, na ajabu ni kwamba anayeitwa mdogo ndiye mrefu. Jina lake linamlinganisha na yangeyange mkubwa, si na huyu wa ng'ombe. Ukimwona mmoja peke yake uwandani, bila wa kulinganisha naye, urefu hausemi kitu.

Mkao unasema zaidi. Wa ng'ombe akipumzika anajikunyata, shingo inapotea mabegani, anabaki kichwa na kiwiliwili. Mdogo hata akipumzika anabaki mwembamba, na akiwa kazini shingo yake inanyooka mbele ndefu sana.

Mwendo ndio burudani. Mfuatilie yangeyange wa ng'ombe kwa dakika tano. Anatembea kwa hatua za haraka haraka, kichwa kikienda mbele na nyuma. Akimwona panzi anapunguza mwendo, shingo inaanza kuyumba kushoto na kulia huku macho yakibaki palepale, kisha anadona. Sasa hamia kwa mdogo. Anasimama kwenye maji ya kina kifupi, anatanguliza mguu mmoja na kuutetemesha ndani ya tope. Ukiwa na darubini utaona maji yakichafuka mbele yake, kisha kitu kinachomoka, kiluwiluwi au kisamaki, na mdomo umeshashuka. Akikosa anakimbia, anageuka ghafla, anafungua mabawa nusu, anarudi. Wa ng'ombe hana pupa hiyo ya majini.

Hatua ya tano: tazama anafanya kazi na nani

Yangeyange wa ng'ombe anafuata kwato. Ng'ombe akitembea kwenye nyasi anafurusha panzi, nyenje, nzi na buibui, na ndege anakaa karibu na mguu wa mbele au pembeni ya kichwa akiokota. Watafiti waliolinganisha ndege walio na ng'ombe na wale walio peke yao waliona kwamba walio na ng'ombe wanapata chakula zaidi kwa hatua chache zaidi. Mbugani anafanya hivyohivyo kwa nyati na tembo. Wafugaji wengi watakwambia kazi yake ni kula kupe. Kupe anakula, ni kweli, lakini ukimtazama kwa makini chakula chake kikubwa kiko kwenye nyasi, si mgongoni mwa ng'ombe.

Trekta na pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia inayoongozwa kwa mikono, kwake ni ng'ombe tu. Na hapa ndipo kanuni ya "aliye na ng'ombe ni wa ng'ombe, aliye majini ni mdogo" inapovunjika. Siku ya kuvuruga jaruba, pawatila inapinduapindua tope na kufukua kila kilichokuwa kimejificha: vyura, wadudu, samaki wadogo waliobaki. Wote wawili wanakuja. Utawakuta wamejipanga nyuma ya mashine moja, wa ng'ombe akiwa ndani ya maji na mdogo akiwa juu ya tuta. Ukiwaandika kwa kufuata mahali, utawaandika kinyume. Rudi kwenye mdomo.

Kwa mkulima anayesoma: hakuna kati ya hawa anayekula mpunga. Mharibifu wa nafaka ni kwelea kwelea, ndege mdogo wa makundi makubwa, mdomo mnene wa kupasua punje. Yangeyange anakula nyama: wadudu, vyura, samaki. Nguvu ya kuwafukuza weka akiba kwa wale wadogo.

Hatua ya sita: mavazi ya msimu wa kuzaliana

Kwa muda fulani katika mwaka, hasa nyakati za mvua, rangi inarudi kuwa msaada. Yangeyange wa ng'ombe anaota manyoya ya rangi ya machungwa iliyofifia utosini, kifuani na mgongoni. Mwenye rangi hiyo hana wa kumfananisha naye katika weupe hawa.

Yangeyange mdogo anabaki mweupe wote, ila kisogoni anaota manyoya mawili marefu membamba, kama sentimita 15, yanayopeperuka upepo ukija. Mgongoni anaota mengine laini yaliyochanika kama nyuzi. Ngozi iliyo mbele ya jicho nayo inaweza kuwa nyekundu kwa siku chache.

Manyoya hayo ya mgongoni yana historia chafu. Katika karne ya 19 yalipendwa kupamba kofia za wanawake Ulaya na Marekani, na kwa uzito bei yake ilifika kushindana na dhahabu. Kwa kuwa ndege huyaota wakati wa kuzaliana tu, wawindaji walimpiga kwenye kiota na makinda yakafa njaa. Hasira dhidi ya biashara hiyo ndiyo iliyozaa chama cha kulinda ndege cha Uingereza mwaka 1889, na mwaka 1921 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya ya aina hiyo. Yangeyange mdogo alirudi kuzaliana Uingereza mwaka 1996.

Ndugu yake alikwenda njia nyingine kabisa. Yangeyange wa ng'ombe alivuka Atlantiki mwenyewe kutoka Afrika, akaonekana Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, akafuata malisho kwenda kaskazini, na mwaka 1953 akakutwa akizaliana Florida. Huko nako alikuta ng'ombe.

Wawili wengine watakaokuvuruga

Nilisema wako wanne. Yangeyange mkubwa, mwenye sentimita 80 hadi zaidi ya 100, anakuwa na mdomo wa njano nje ya msimu wa kuzaliana na mweusi ndani ya msimu. Miguu yake ni myeusi hadi vidoleni. Huyo mara nyingi urefu wenyewe unamfichua.

Mgumu ni yangeyange wa kati. Ana mdomo wa njano, kwa hiyo watu humwita wa ng'ombe, na ni mrefu kiasi, kwa hiyo wengine humwita mkubwa. Mtenganishe na wa ng'ombe kwa shingo: yake ni ndefu na nyembamba, na taya halijavimba. Mtenganishe na mkubwa kwa kona ya mdomo. Mstari wa mdomo wa yangeyange mkubwa unapita chini ya jicho na kuendelea nyuma yake. Wa huyu wa kati unaishia chini ya jicho. Hapo ndipo darubini inapolipa gharama yake.

Wapi na lini pa kufanyia mazoezi

Ukianza na majaruba yaliyojaa maji Februari utachoka, kwa sababu vidole vyote viko chini. Ushauri wangu ni uanze kiangazi. Mpunga ukishavunwa, ng'ombe huingizwa kwenye mabua, na yangeyange wa ng'ombe wanakuwa nchi kavu, miguu wazi, karibu na njia. Mjue huyo kwanza hadi usihitaji kufikiri.

Kisha mfuate mdogo kwenye maji yaliyobaki. Ihefu, eneo oevu la Usangu lililoingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, linahitaji safari ya hifadhi na gharama zake. Rahisi zaidi ni bwawa la Mtera upande wa Migoli, ambako kingo ni wazi na ndege wanaweza kuvua karibu na mitumbwi. Walio Kyela wana majaruba na fukwe za Ziwa Nyasa. Walio Pawaga wana skimu za mpunga karibu na nyumbani.

Mvua zikirudi, rudi Usangu uwatazame wote wawili pamoja.

Kuandika ulichokiona

Kwa kila ndege andika tarehe, saa, kijiji, na kile ulichokiona, si jina pekee. "Mdomo mweusi mwembamba, vidole njano, anatetemesha mguu, mfereji mkuu Igurusi" ni rekodi ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. "Yangeyange mdogo, 1" ni madai tu. Ukiingiza kwenye eBird au mfumo mwingine wa kumbukumbu za ndege, maelezo hayo ndiyo yatakayokutetea mhakiki akiuliza.

Jioni, kuanzia saa 11 na nusu, kaa mahali unapoona mti wa malazi karibu na maji. Yangeyange wa ng'ombe hurudi kwa makundi yaliyopangika, mistari mirefu ya chini chini. Hapo hesabu makundi kwa makumi, usijaribu kutambua kila mmoja, kwa sababu ndani ya makundi hayo mdogo anaweza kujichomeka na mwanga umeshapungua. Andika "yangeyange, mchanganyiko" na idadi. Ukibaki na mashaka juu ya ndege mmoja, andika "yangeyange, hakutambuliwa". Mistari ya namna hiyo haichafui daftari.

Jambo la mwisho kwa anayeshuka Dar es Salaam au Pemba na daftari hili. Kule pwani yuko ndugu mwingine wa yangeyange mdogo, Egretta dimorpha, ambaye anaweza kuwa mweupe au mweusi wa kijivu, na kwake rangi ya njano ya vidole hupanda juu mguuni. Kanuni ya mpaka wa ghafla niliyoieleza hapo juu ni ya huku kwetu. Ufukweni tazama njano inaishia wapi kabla hujaandika jina.